Kikombe cha Kila Ijumaa

Tangu mumewe, Mzee Shomari, alazwe hospitalini, kila Ijumaa Bi Zuhura alifungua boneti na kumimina kikombe cha oili kwenye injini, kama mzee alivyofanya miaka yote. Gari lenyewe halikutoka uani hata siku moja.

Leo hospitali ikapiga simu. Hawakuwa na la kumfanyia tena. Mgonjwa alitaka kurudi kwake, na kwa gari lake mwenyewe.

Akaliwasha. Likatapika moshi mzito hadi kuku wakatawanyika.

"Zima, mama! Utaiua injini!" Mbaruku, fundi jirani, alikuja mbio. Akachomoa kijiti cha kupimia. "Oili imepita alama mno. Mzee aliongeza kwa sababu gari lilikuwa linatembea, linaila. Hili limesimama tu."

"Nilikuwa namtunzia," akasema Bi Zuhura.

Fundi akaingia uvunguni na beseni, akalegeza nati. Oili ikaanza kushuka, nyembamba, bila haraka yoyote.

Simu ikalia. "Mama, anauliza umefika wapi," akasema muuguzi.

Bi Zuhura alitazama beseni. Lilikuwa linakaribia kujaa.

"Niko njiani," akasema, huku akimsogezea fundi sufuria.