Boksi la Mninga

Fundi Mbaruku hakuwahi kutoa karakanani boksi la spika linalolialia. Kila boksi alilikaza mwenyewe, kisha akamwambia mwenye gitaa apige huku yeye ametega sikio kwenye mbao.

Hili alimtengenezea Zaituni, mpiga gitaa, kwa mbao za mninga za kitanda cha marehemu mama yake. Zaituni alipochomeka gitaa lake na kupiga uzi mnene kuliko zote, boksi likaitikia: kwiii.

"Zima!" Mbaruku aling'aka, bisibisi tayari mkononi. "Hiyo ni aibu yangu. Ngoja nilikaze."

Zaituni hakuzima. Alipiga tena. Kwiii.

"Kitanda kililia hivyo hivyo mama akijigeuza usiku," alisema. "Nikikisikia, najua yupo, narudi kulala."

"Watu watasema Mbaruku kazi imemshinda."

"Waache waseme, fundi."

Mbaruku aliguna. Alizunguka nyuma ya boksi, akaipapasa skrubu iliyolegea, akairudisha bisibisi mfukoni. Kisha alivuta kigoda, akaegemeza sikio kwenye mninga na kufumba macho.

"Haya," alisema taratibu. "Mgeuze mama tena."