Punje za Darasa la Saba

Ijumaa ya mwisho ya muhula, Novemba 1993, saa nne asubuhi, mtungi wa udongo ulikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, na haukuwa na maji.

Mwalimu Syokau ndiye aliyeuweka pale. Wasichana wa darasa la saba waliingia ofisini mmoja mmoja, kila mmoja amefumba mkono, akauingiza mtungini na kuutoa mtupu. Hindi kwa aliye salama. Haragwe kwa aliyeshikwa na mwanamume kwa nguvu, iwe shuleni, njiani au nyumbani. Punje walizitoa katika chakula walichokuwa wakibeba kila siku kutoka nyumbani kwa ajili ya jiko la shule, hivyo hakuna mzazi aliyeuliza. Mbinya, binti wa Syokau, alikuwa katikati ya foleni; zamu yake ilipofika aliingiza mkono na kumwamkia mama yake "Mwalimu", kama wenzake.

Mbinu hiyo Syokau aliipata kwenye semina Machakos likizo ya Agosti, alipomwacha Mbinya na baba yake, Kisilu. Alirudi hana subira tena. Mwaka uliotangulia mwanafunzi wake Syombua aliacha shule akiwa na mimba, na ripoti ikasema amehama. Alifariki akijifungua. Tangu mazishi Syokau alikuwa akimwandama mwalimu mkuu, Muthama, akiomba ukweli uandikwe, akigombana, hata akalia mbele ya walimu wenzake.

Sasa afisa wa elimu kutoka mji wa Wote alikuwa nje, akingoja ripoti kwenye gari.

"Hata haragwe moja linatosha," Syokau alisema. "Ukiliandika, lazima warudi na polisi, waulize nyumba hadi nyumba."

"Na lisipopatikana hata moja, Mama Mbinya, utaniacha nipumue?"

"Nitakuacha."

Muthama alicheka, akasema hamwamini. Kila msimu wa kupanda amemwomba Kisilu mbegu ya maharagwe yao, yale meupe yenye jicho jekundu ambayo mama mkwe wa Kisilu alileta kutoka Kitui. Katika eneo zima la Mbooni hayako kwa mtu mwingine, na Kisilu hajampa hata kiganja.

"Kwenu mnajua kuficha," alisema, akageukia dirisha na kuikunjua ripoti juu ya kizingiti chake.

Msichana wa mwisho alitoka. Syokau alifunga mlango, akaumimina mtungi kwenye sinia. Alizitandaza punje kwa kiganja, mahindi juu ya mahindi, kisha kiganja kikasimama.

"Ngapi?" Muthama aliuliza bila kugeuka.

Nje, honi ililia.

"Ngapi, Mwalimu?"

"Andika hakuna," alisema Syokau.

Muthama aliandika, akapiga mhuri, akatoka nayo. Gari liliteremka kuelekea Wote. Lilipopotea kwenye kona Syokau alifungua ngumi. Ndani lilikuwa haragwe moja, jeupe, lenye jicho jekundu.