Programu Isiyosumbua Mtu

Hati za kontena la dawa zilipotea asubuhi, na kufikia adhuhuri ofisi nzima ilikuwa imeacha kumtazama usoni Khalfani, fundi wao wa kompyuta.

Zilipotelea ndani ya kompyuta. Tekla alikuwa amezifungua kwenye mashine yake, Mzee Mwishehe naye kazifungua kwenye yake, na ile programu ya kugawana mafaili ikashindwa kuamua imsikilize nani. Ikawafutia wote wawili. Kontena likabaki yadi, pale Kurasini, dawa zikipikwa na jua.

Bosi wao, Bi Flaviana, alimwita Khalfani chumbani kwake. Ukuta ulikuwa wa plaiwudi, kwa hiyo aliitwa mmoja, wakasikia wote. Alimkumbusha kwamba mawakala wengine wa forodha wanatumia kompyuta za kawaida, ni yeye tu aliyewaletea huo mfumo wake wa bure, Linux. Kisha akashusha sauti.

"Likipotea faili lingine, hata moja, utaondoka wewe na seva yako."

Khalfani alibaki na tumaini moja. Toleo jipya la programu ile lilikuwa limeshatoka mwaka ule wa tisini na nane, na ilisemekana limepona ugonjwa huo. Lakini wenyewe, yaani watu wa kujitolea walioitengeneza, waliotawanyika duniani na kuongea kwa barua pepe, walikuwa hawajalitangaza kuwa imara. Kabla ya tangazo hilo, mwenye akili zake haligusi. Msimamizi wao, Mfini mmoja, aliandika kwamba wote waliolijaribu walilijaribu nyumbani, kila mtu peke yake. Alichohitaji ni ofisi yenye watu wanaogombania mafaili. Khalfani akamjibu kwamba yeye anayo.

Akaliweka toleo jipya. Akawaomba wenzake wafanye kazi kama kawaida, na likitokea lolote wamwambie.

Wenzake walimpenda. Mama yake Tekla alipolazwa hospitali, Khalfani ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Mzee Mwishehe, aliyezeekea kwenye taipureta, alifundishwa naye kompyuta bila kuchekwa. Katika majuma yale ya majaribio walikuwa wapole kuliko kawaida. Hakuna aliyegombana. Walitembeleana sana mezani, wakiulizana hili na lile kwa sauti za chini. Khalfani akaona kumbe mafaili yakitulia, hata roho za watu zinatulia. Kila akiikagua seva, hakuna kosa.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kutuma neno lake kabla ya kumuuliza kila mmoja.

"Shikamoo, mzee. Ile programu mpya imekusumbua?"

"Marahaba. Haijanisumbua hata mara moja," akasema Mzee Mwishehe, akimtazama machoni.

Tekla naye aliapa kwa Bikira Maria kwamba haijampotezea hata herufi. Na wengine wote wakasema hivyo hivyo.

Modemu ikalia, barua ikaondoka: ofisi yenye kazi nyingi, jirani na bandari ya Dar es Salaam, watumiaji wote wameulizwa, hakuna kasoro. Mfini alishukuru sana. Alisema huo ndio ushahidi waliokuwa wakiungoja, na programu ikatangazwa imara. Chuo kimoja cha Poland kikaiweka. Hospitali moja ya Bolivia ikaandika kuwa nayo imeiweka, kwa kuliamini neno la ofisi ile ya Dar es Salaam.

Bi Flaviana akaagiza soda na sambusa. Mbele ya wote alikiri kwamba alimkosea kijana wa watu, na akasema seva itabaki na Khalfani atabaki. Khalfani alisimama kujibu, machozi yakamlenga, akakaa tena. Watu walipiga makofi kwa furaha ya kweli. Mzee Mwishehe alimshika bega, hakuliachia upesi.

Tekla alisubiri makofi yaishe, akamsogelea, akauliza kwa adabu:

"Kaka Khalfani, sasa kwa vile imeshafaulu na kazi haikuponyoki tena, sie tuache kupitishiana disketi, tuanze kuitumia?"