Ujumbe Kutoka Tanga

Shufaa alikuwa ameanza kuweka nukta. Hilo ndilo lililomshangaza Masika ujumbe ulipoingia, mwezi wa tatu, baada ya wiki nyingi za kimya: nukta, mikato, na herufi kubwa mahali pake.

"Assalaam aleikum, Masika. Natumai u mzima wa afya. Tafadhali usipige, siwezi kuongea. Andika tu."

Masika alisimama katikati ya saluni ya mama yake, kule Randburg, Johannesburg, ufagio mkono huu, simu mkono huu, machozi yakamtoka mbele ya wateja. Mama yake, Célestine, aliinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

"Nini tena?"

"Vumbi, maman."

Walijuania mtaa wa Bertrams, Masika binti wa msusi kutoka Butembo ya Kongo, Shufaa binti wa mwenye duka kutoka Tanga. Shufaa alizaliwa Johannesburg. Kiswahili alikisikia nyumbani na kukijibu kwa Kiingereza. Ujumbe wake wa zamani ulikuwa Kiingereza, Kizulu cha shuleni na ule mguno wa eish tatu tatu, bila nukta hata moja. Walipendana mwaka mzima, watu wakidhani ni marafiki tu. Walipofikisha miaka kumi na saba, Januari, baba yake Shufaa aliishika simu ya bintiye akakuta picha yao wakibusiana. Hakupiga kelele. Aliliuza duka, akafunga mizigo, na kabla mwezi haujaisha familia nzima ilikuwa imerudi Tanga, ili mtoto akanyooshwe na bibi zake.

Sasa huyu hapa, anaandika.

"Tanga imekusafisha ulimi," Masika alimtania. "Umekuwa kama mwalimu."

"Ndiyo. Nikumbushe tulivyokutana."

Masika akamkumbusha. Kila siku akitoka shule aliketi kwenye kreti la soda nyuma ya saluni na kuandika mpaka mama yake amwite. Shufaa alikuwa na maswali mengi kuliko zamani. Nilikuwa nacheka nini? Tulikuwa tukila nini tukitoroka shule? Nani alianza kumwambia mwenzake? Masika aliona ni kiu ya mtu aliyeng'olewa kwao, akajibu yote, hata yale ya aibu.

"Wewe ndiye ulianza. Tulikuwa kwenye taa za robot, tunangoja kuvuka. Ukaniambia, 'Mimi napenda wewe.' Nikacheka kile Kiswahili chako mpaka taa ikarudi nyekundu."

"Kwa Kiswahili, kweli?"

"Kwa Kiswahili. Ulisema kwa Kiingereza ni rahisi mno."

Siku moja Masika akaomba picha. Aliyotumiwa ilikuwa ya mtoto wa miaka saba hivi, sare ya shule, pengo la meno mawili. "Hii ndiyo niipendayo," Shufaa aliandika. Masika alicheka, halafu akaitazama tena na tena, maana alitaka kuuona uso wa leo.

Mwezi wa tano likaja swali ambalo hakulitarajia.

"Nilikuwa nasema nini juu ya mama yangu?"

Masika aliguguna kucha. Kisha akaandika ukweli. "Ulisema baba unamwogopa, lakini mama unamhurumia. Ulisema siku yoyote akikuuliza, utamwambia kila kitu. Ukawa unangoja akuulize."

Siku tatu hakuna neno. Siku ya nne: "Ahsante kwa kutonificha."

Lililomuuma Masika ni jingine. Shufaa hakuwahi tena kuandika kwamba anampenda. Kila ujumbe ulimalizika kwa maneno yale yale: Mungu akulinde. Masika alijua maana yake. Wamemnyoosha. Alimwona kwa macho ya moyo, amejitanda mtandio, ameinamisha uso mbele ya wageni waliokuja kuposa. Akawa hali vizuri. Célestine akamwuliza kama ni mvulana. Masika akasema si mvulana, na hilo lilikuwa kweli.

Jumamosi moja, saluni imejaa, uvumilivu ulimwisha. Alitoka nje akaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi:

"Wamekuchumbia?"

"Hapana."

"Basi nijibu moja tu. Unanipenda bado, au umeacha? Kama umeacha, sema, sitakulaumu. Sema tu kwa sauti yako, nisikie ni wewe. Usiposema, leo nalifuta jina lako."

Alama mbili zikageuka bluu. Mteja mmoja akatoka na nywele mpya, akampita. Ndani, Célestine aliita, "Masika, leta taulo!" Hakwenda.

Simu ikaanza kuita. Jina lilikuwa la Shufaa. Masika aliipokea, akaibana sikioni. Alisikia feni ikizunguka.

"Masika, usikate," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu, kwa lafudhi ya Tanga. "Mimi ni mama yake. Homa ilimshika siku nne tu, tukamzika mwezi wa pili. Kama hujachoka, mwanangu, kesho uniandikie tena."