Chini ya Sufuria

Mama mkwe alipitisha kidole chini ya sufuria, na watu wote jikoni wakanyamaza, hata Redio, jirani ambaye jina hilo hakupewa bure.

Ndani ya jiko viliwaka vitofali vyeusi vya makaa, kazi ya mkaza mwana. Alikuwa ameokota maganda na nyuzi za chikichi zilizotupwa na kiwanda cha mawese, akazichoma, akazitwanga, akazikanda kwa uji wa muhogo ziwe vitofali badala ya kuni.

"Zikitia masizi sufuria yangu," mama mkwe alishasema, "takataka zako hazilali ndani ya nyumba hii."

Na huko uani magunia ya vitofali yalikuwa yamepangwa wazi, wingu limetanda. Vitofali vikilowa, uji unaachia, na kazi ya mwezi mzima inakuwa tope.

"Kidole cheusi?" Redio akashindwa kuvumilia. "Mama, si utuonyeshe!"

"Wewe macho yako hufika kabla ya miguu. Tulia."

Lakini kidole chenyewe hakikusema kitu. Moshi wa kuni wa miaka yote ulishakitia mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni. Mama mkwe akakigeuza huku na huku, kisha akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akapangusia kidole hicho hapo.

Shingo zote zikarefuka.

Akakikunjua kitambaa, akakitazama kwa muda, akakifunga tena kichwani.

"Mbona mmeganda?" akasema. "Ingizeni magunia, hamwoni mvua hiyo?"