Bado Unaunguza?

Hospitalini walimnywesha Mama dawa ya mionzi kuua saratani ya tezi ya shingo, wakamtenga peke yake chumbani ili mionzi isiwadhuru wengine. Siku ya kuruhusiwa, nesi alimpitishia kipimo cha mionzi shingoni, hakikulia.

"Uko salama, dada. Nenda kwa wanao."

Nyumbani alikuta godoro lake na sahani yake vimewekwa kibarazani.

"Daktari kasema mionzi imeisha mwilini," alimwambia mumewe.

"Basi kakae na huyo daktari." Mume alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake.

Binti yao akachungulia kutoka nyuma ya baba. "Mama, bado unaunguza?"

Mama alipanda ngazi za kibaraza, akamkumbatia mumewe kwa nguvu zote, shavu kwa shavu. Mwanamume mzima akapiga mayowe kama aliyemwagiwa maji ya moto, na mtoto akakimbilia ndani akilia.