Mwanamke Asiye na Ngata

"Katika picha hii kumepungua nini?" mpimaji wa akili alimuuliza Nyamizi, akimwonyesha mwanamke aliyejitwika ndoo.

"Ngata," mtoto akajibu. "Ndoo imekaa juu ya nywele tupu. Itamuumiza."

Mpimaji akatia alama ya kosa kwenye karatasi yake. "Hana sikio, hilo ndilo jibu. Baba Nyamizi, mwanao ataenda darasa la kusuka mikeka, si la vitabu."

"Aliyechora hajawahi kujitwika kitu," baba alisema. "Marehemu mke wangu angemcheka."

"Wakubwa wameshapanga, mzee. Mimi napima tu."

"Wakubwa hao maji huletewa mezani. Inuka, mwanangu, twende."

Nyamizi hakuinuka. Alichukua penseli, akamtazama mpimaji usoni, kisha akaanza kumchorea yule mwanamke sikio.